Gari la pili wakati wa theluji: ulilaze mpaka Aprili au ulitembeze mara mojamoja?

Oktoba ikielekea ukingoni, kwa tunaoishi Minnesota na kwingineko kwenye theluji ya kweli, swali hili huzuka katika kila nyumba yenye magari mawili. Moja ni la kazi: limeshavaa matairi ya theluji, lina mikwaruzo, na likiongeza mwingine hakuna anayelia. La pili ndilo lenye mjadala. Pengine ni gari zuri ulilonunua kwa jasho na hutaki lionje chumvi. Pengine ni la mwenzako ambaye siku hizi anafanya kazi akiwa nyumbani. Pengine mwenyewe anakwenda Mombasa au Moshi Desemba na hatarudi mpaka baridi imelegea. Lifunikwe gerejini mpaka Aprili, au liwe linatolewa mara mojamoja lisigande?

Nimeona magari yaliyotunzwa vizuri kwa njia zote mbili, na yaliyoharibiwa kwa njia zote mbili. Msimamo wangu ni huu: kulaza ni sawa ukilaza kweli, na kutembeza ni sawa ukitembeza kweli. Linaloumiza gari zaidi ni ule utaratibu wa katikati, wa kuliwasha dakika kumi kila Jumamosi, kulizima na kurudi ndani kunywa chai. Nitaueleza nikifika kwenye oili.

Baridi ninayoizungumzia ni ile ya Novemba hadi Machi au Aprili, yenye barabara zilizomwagiwa chumvi na usiku wa nyuzi 20 za Selsiasi chini ya sifuri. Ukiwa Atlanta au Muscat, endesha gari lako kwa amani.

Mambo ya kupima kwanza

La kwanza ni mahali. Watu hulisahau hili wakaanza kubishana kuhusu betri. Kulaza gari kunahitaji sehemu binafsi ambayo hakuna atakayekwambia ulisogeze: gereji ya nyumbani, banda, au nafasi ya kukodi. Mtaani haiwezekani. Minneapolis ikitangaza dharura ya theluji, kanuni za maegesho hubadilika kwa siku tatu mfululizo: siku ya kwanza unaondoa gari kwenye barabara kuu zilizotengwa, siku ya pili upande wa nyumba zenye namba shufwa katika mitaa mingine, siku ya tatu upande wa witiri. Gari lililolala chini ya turubai halijui kuhesabu siku. Litapigwa faini na kuvutwa, nawe utalipia kulikomboa. Maegesho ya maghorofa ya kupanga nayo mara nyingi hutaka magari yatolewe ili magreda yapite. Kwa asiye na mahali pa kulaza, basi, uamuzi umekwisha kufanyika.

La pili ni muda. Gari zima lenye betri nzuri huweza kukaa wiki tatu au nne bila maandalizi makubwa. Ikizidi miezi miwili, maandalizi ya kulaza huanza kujilipa. Yanayobaki ni chumvi, betri, injini na mafuta yake, matairi na breki, bima na kodi, na kama unahitaji gari hilo liwe tayari siku lile gari la kwanza litakapogoma.

Chumvi na kutu

Aliyekulia Tanga, Mombasa au Unguja hahitaji kuelezwa chumvi inafanya nini kwenye bati. Ila huku haiji kwa upepo wa bahari. Hurushwa na matairi moja kwa moja chini ya gari ikiwa majimaji, ikaingia kwenye mabomba ya breki, kwenye maungio ya chasisi na ndani ya milango kupitia vitundu vya kutolea maji. Chumvi ya kawaida hufanya kazi vizuri mpaka karibu nyuzi 9 chini ya sifuri. Baridi ikizidi hapo, manispaa huongeza kloraidi ya magnesiamu au ya kalsiamu, na hizo ni adui mkubwa zaidi kwa sababu hunyonya unyevu wa hewani. Bati hubaki na maji hata siku ambayo anga ni jeupe na barabara inaonekana kavu. Wanaoagiza magari Japani na kuyashusha Dar es Salaam au Mombasa wanaijua habari hii kwa upande mwingine: gari lililotumika Hokkaido, kaskazini kwenye theluji, hukaguliwa chini kabla ya kusifiwa rangi.

Kwenye kipimo hiki kulaza kunaongoza, tena kwa mbali, ila kuna sharti. Gari lazima lioshwe vizuri kabla, hasa chini na ndani ya matao ya magurudumu, kisha likauke. Ukiliingiza na chumvi yake kwenye gereji yenye joto utakuwa umeisaidia kutu, maana kutu hukimbia zaidi kwenye joto na unyevu kuliko kwenye baridi kavu. Gereji baridi lakini kavu ni bora kuliko yenye hita na sakafu iliyolowa.

Anayetembeza hawezi kuikwepa chumvi kabisa, lakini anaweza kuchagua siku. Ule unga mweupe unaouona juu ya lami kavu ni chumvi inayosubiri maji. Siku nzuri ni ile inayofuata mvua au yeyuko kubwa, barabara ikiwa imeoshwa na kukauka. Toronto au Chicago siku za namna hiyo hupatikana hata Januari. Winnipeg utazingoja sana. Baada ya safari, lipeleke kwenye kuoshea magari kunakonyunyiza maji chini, na ufanye hivyo joto likiwa juu ya sifuri. La sivyo milango itaganda, nawe utang'oa mpira wa mlango ukilazimisha kuingia.

Betri

Betri ya kawaida ya risasi na asidi ikijaa huonyesha volti 12.6 au zaidi kidogo gari likiwa limezimwa. Ikionyesha 12.4 imebaki kama robo tatu, na ikifika 12.0 iko karibu na tupu. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, nguvu yake ya kuwasha hushuka hadi karibu nusu, huku oili nzito ikiidai injini nguvu zaidi. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba betri iliyojaa haigandi hata kwenye nyuzi 50 chini ya sifuri, lakini iliyoisha huganda nyuzi chache tu chini ya sifuri, kwa sababu asidi yake imebaki kama maji. Ikishaganda hupasuka au sahani zake hupinda, na hakuna chaja ya kuifufua.

Gari lililozimwa nalo linakula. King'ora, kompyuta na kile kifaa kinachosikiliza funguo ya mbali vinaweza kuvuta miliampea 50. Hiyo ni ampea-saa 1.2 kwa siku (ampea-saa ni kipimo cha umeme ambao betri inabeba), na betri ya ampea-saa 60 itakuwa imefika nusu baada ya siku 25.

Anayelaza ana njia tatu. Ya kwanza, ninayoipenda, ni chaja ndogo ya kutunza betri, inayopima yenyewe na kuacha kuchaji betri ikijaa. Inahitaji plagi ya umeme karibu. Ya pili ni kufungua waya wa hasi, lakini hakikisha kwanza kwamba buti lako halifunguki kwa umeme huku betri ikiwa ndani yake; kuna watu wamejifungia betri kwa namna hiyo. Ya tatu ni kuitoa na kuihifadhi ndani, pasipo na baridi kali, na kuichaji mara moja kwa mwezi.

Anayetembeza hutegemea altaneta, kile kifaa kinachochaji betri injini ikiwaka, na watu huitegemea kupita kiasi. Kwenye baridi, feni ya joto, kioo cha nyuma, viti vya joto na taa vinakula sehemu kubwa ya umeme unaozalishwa. Mwendo wa robo saa mjini unaweza kuiacha betri ikiwa chini kuliko ulivyoikuta. Hata mtembezaji, basi, anahitaji chaja ileile kati ya safari na safari, au angalau kipima volti cha bei nafuu na mazoea ya kukitazama.

Magari ya haibridi, ambayo madereva wengi wa teksi za programu wanayo, yana betri ndogo ya volti 12 inayokufa upesi ikiachwa. Gari likiwashwa hadi taa ya READY iwake, betri kubwa huichaji ile ndogo. La umeme kamili huachwa na chaji ya kati, kama asilimia 50, kwa kufuata kitabu chake, na kamera za ulinzi huzimwa kwa sababu hula chaji usiku na mchana.

Injini, oili na petroli

Lita moja ya petroli ikiungua huzaa takriban lita moja ya maji. Injini ikiwa moto, maji hayo hutoka kama mvuke na huyaoni. Injini ikiwa baridi, sehemu yake huganda ndani ya bomba la moshi, na sehemu hupenya kwenye oili pamoja na petroli isiyoungua. Gari likitembea vya kutosha, oili hupata moto na maji hukauka. Likizimwa kabla, yanabaki. Fungua mfuniko wa oili wa gari linalotembezwa dakika kumi kumi Januari, utakuta ute wa rangi ya chai ya maziwa.

Hapo ndipo ubaya wa kuwasha bila kwenda kokote unapoonekana. Injini iliyosimama hupata joto polepole sana. Mshale wa joto ukifika katikati unakuambia habari za maji ya rejeta tu. Oili huchelewa nyuma yake. Dakika kumi za kunguruma zimetumia betri kuwasha, zimemwaga maji kwenye oili na kwenye egzosi, hazijagusa matairi wala breki, kisha zimeisha. Zikifanyika kwenye gereji iliyofungwa zinaweza pia kuua watu, kwa kuwa kaboni monoksidi haina harufu na hupenya hadi vyumba vinavyopakana na gereji. Kufungua mlango wa gereji nusu hakutoshi. Gari likiwashwa, litoke nje.

Kwa kulaza, kazi ya injini hufanyika siku moja. Unamwaga oili ya zamani na kuweka mpya pamoja na chujio, kwa sababu oili iliyotumika ina asidi na unyevu ambao hutaki ukae miezi mitano juu ya vyuma. Unajaza tangi ili nafasi ya hewa yenye unyevu iwe ndogo, maana petroli yenye ethanoli asilimia 10 hunyonya maji. Unaweka dawa ya kuhifadhi petroli na kuendesha kidogo ili ifike kwenye nozeli. Petroli isiyo na dawa huanza kuchoka baada ya miezi mitatu hivi. Pima pia maji ya rejeta: mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa kizuia barafu huhimili takriban nyuzi 37 chini ya sifuri, na yaliyoongezwa maji ya bomba wakati wa joto hayafiki hapo.

Kutembeza hakudai haya yote, ila kunadai safari zenye maana. Nusu saa ni kiwango cha chini, na sehemu yake iwe barabara kuu ambako injini inafanya kazi. Gari la dizeli lenye chujio la masizi linahitaji zaidi, kwa sababu chujio hilo hujisafisha katika mwendo mrefu wenye joto. Safari fupi fupi huliziba.

Matairi na breki

Gari lililosimama miezi huacha bapa kwenye matairi, na baridi hulifanya liwe gumu zaidi. Kwa kawaida hutoweka baada ya kilomita kadhaa za mwendo, lakini matairi ya zamani huweza kubaki nalo. Anayelaza huongeza upepo paundi chache, bila kupita kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi, na akipata nafasi husogeza gari nusu mzunguko. Upepo wenyewe hushuka paundi moja kwa kila nyuzi tano au sita za Selsiasi zinazopungua, hivyo uliojazwa Septemba hautakuwa ule Januari.

Kwa anayetembeza, jambo zito ni aina ya tairi. Tairi la majira ya joto huanza kuwa gumu joto likishuka chini ya nyuzi 7, hata barabara ikiwa kavu kabisa. Ukiwa Quebec huna hiari: gari lililosajiliwa huko lazima liwe na matairi ya theluji kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi. Ujerumani sheria hufuata hali ya barabara, na tangu Oktoba 2024 tairi linalokubalika ni lenye alama ya mlima na chembe ya theluji. Seti ya pili ya matairi kwa gari litakalotoka mara mbili kwa mwezi ni hela nyingi, na hili peke yake limewageuza watembezaji wengi kuwa walazaji.

Breki ziko upande wa kutembeza. Diski hushika kutu baada ya usiku mmoja wa unyevu, na breki chache huipangusa. Zikikaa miezi mitano, siku ya kwanza utasikia mkwaruzo na pengine mtetemo. Ukilaza, usiache breki ya mkono imevutwa; huweza kugandana na kukataa kuachia. Weka gia, au P, na vigingi kwenye magurudumu.

Panya

Gari linalotembea huwasumbua, lililolala huwakaribisha. Hujenga kwenye chujio la hewa na kutafuna nyaya, na bili ya nyaya haichekeshi. Anayelaza huziba bomba la moshi na la kuvutia hewa kwa pamba ya chuma, ile ya kusugulia masufuria, kisha huandika karatasi kubwa na kuibandika kwenye usukani ili asije akawasha gari lililozibwa. Hakikisha hakuna makombo ya chapati wala kiti cha mtoto chenye biskuti.

Bima, kodi na fedha

Kulaza kunaweza kuokoa, lakini inategemea ulipo. Ontario kuna nyongeza ya bima iitwayo OPCF 16 inayosimamisha kinga ya kuendesha na kuacha ile ya wizi, moto na mti kuangukia gari. OPCF 17 huirudisha. Uingereza unatoa tangazo la SORN, yaani la kwamba gari haliko barabarani, unarudishiwa kodi ya miezi kamili iliyobaki, na gari halikanyagi wala kuegeshwa barabara ya umma. Ujerumani kuna namba za msimu, Saisonkennzeichen, za miezi 2 hadi 11, na nje ya miezi iliyoandikwa kwenye namba gari hubaki mahali binafsi. Uswidi gari lililosajiliwa kuwa nje ya matumizi halidaiwi kodi, nalo haliendeshwi.

Marekani hutofautiana jimbo kwa jimbo, na hapa ndipo watu huponzwa. New York, kwa mfano, unarudisha namba za gari kwanza ndipo ukate bima. Ukifanya kinyume unajitafutia adhabu. Tena, gari likiwa na mkopo, benki inayokudai mara nyingi hukulazimisha kubaki na bima yote hata likilala. Usifute bima kabisa popote: gereji huungua, na wezi huingia. Piga simu, omba ipunguzwe, upate kwa maandishi.

Kutembeza hakuokoi chochote kwenye bima. Kwa upande mwingine hakudai kodi ya nafasi, na gharama ya kukodi banda kwa miezi mitano mara nyingi humeza kile kilichookolewa kwenye bima. Piga hesabu yako mwenyewe kabla ya kuamini kwamba kulaza ni bure.

Utayari

Wengi wetu huku tuko kwenye uuguzi, nyumba za wazee, maghala na usafirishaji. Zamu ya saa kumi na moja alfajiri haisikilizi kwamba gari limegoma kwenye nyuzi 25 chini ya sifuri. Gari la pili linalotembezwa, lenye matairi yanayofaa na hita ya injini ya kuchomeka kwenye umeme, ni akiba ya kweli. Lililolazwa bila bima ya barabarani, likiwa na pamba ya chuma kwenye egzosi, si akiba ya mtu yeyote asubuhi hiyo.

Ukichagua, fanya hivi

Mlazaji huchagua siku kavu kabla chumvi haijaanza kumwagwa. Siku hiyo huosha gari na kulikausha, na hufanya yale ya oili, tangi, upepo, betri na panya niliyokwisha kuyataja. Hulifunika kwa kitambaa kinachopitisha hewa. Turubai la plastiki hufungia unyevu ndani na likipepea hukwangua rangi. Sakafu ya zege itandikwe nailoni nzito chini ya gari, kwa sababu zege hupumua maji. Kisha aliache. Kishawishi cha kuliwasha Krismasi ili kusikia sauti yake ni kikubwa, nami nakuelewa, lakini vumilia.

Kulitoa nako kuna wakati wake. Jua la kwanza la Machi linadanganya: theluji imeyeyuka ila chumvi yote ya msimu iko barabarani. Subiri mvua kubwa mbili tatu ziioshe. Toa pamba ya chuma, angalia viota chini ya boneti, pima upepo, tazama kama kuna kilichovuja sakafuni, na kilomita za kwanza ukanyage breki taratibu.

Mtembezaji anajiwekea ratiba ya wiki moja au mbili, na kilicho muhimu ni urefu wa safari kuliko wingi wake. Lipe gari hilo safari ambazo zingefanyika tu: kumfuata mgeni uwanja wa ndege, kwenda kanisani au msikitini mji wa pili, kununua unga wa ugali duka la mbali. Maji ya waipa yawe ya baridi kali, tangi lisishuke chini ya nusu, na ndani pawe na blanketi, koleo na nyaya za kubusti. Barabara ikiwa na barafu, ahirisha. Hakuna gari la ziada linalostahili kuingizwa mtaroni kwa ajili ya kufuata ratiba.

Kwa hali yako

Gari ni la thamani, unayo gereji kavu yenye plagi, na lingine linakupeleka kazini: laza. Sababu za kulitoa ni chache na chumvi itakugharimu zaidi.

Magari yote mawili ni ya kawaida na mwenzako hatoki sana: tembezeni, tena kwa kubadilishana. Wiki hii uende kazini na hili, wiki ijayo na lile. Kila moja litapata safari ndefu bila mtu kujitungia safari.

Unategemea gari la pili pale la kwanza linapogoma, au kazi yako haivumilii kuchelewa: tembeza, lipe matairi ya theluji, na kubali kwamba litazeeka kidogo zaidi.

Gari ni kuukuu na kutu imeshaanza chini: kulikodia banda ni kutumia fedha zaidi ya bei yake. Liendeshe na ulioshe.

Gari linalala mtaani, huna gereji: tembeza, kwa kuwa manispaa itakusogeza upende usipende. Ukiona huwezi, kodi nafasi kabla ya Novemba zikiwa bado zipo, au liuze. Magari huuzika vizuri zaidi kabla ya theluji kuliko yakiwa yamefukiwa nayo.

Unakwenda nyumbani wiki tano au sita: hapa huhitaji maandalizi yote ya kulaza. Lioshe, jaza tangi, ongeza upepo, na betri iwe kwenye chaja au waya wa hasi ufunguliwe. Kama shemeji amebaki na ufunguo, mpe maagizo mawili tu: ama aliendeshe nusu saa nzuri siku kavu, ama asiliguse. Na kabla hujapanda ndege, ulizia kama bima yako inamhesabu yeye kuwa dereva.